Dhamira ya kampuni ya kupinga ubaguzi wa rangi wa kimfumo: maana yake

Dhamira ya namna hii ni uamuzi wa mwajiri, uliowekwa kwenye maandishi na kuidhinishwa na uongozi wa juu, wa kuzichunguza taratibu zake mwenyewe za kuajiri, kulipa, kupandisha vyeo na kutoa zabuni, kisha kuzibadili zile zinazowaumiza watu wa rangi fulani hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kuwaumiza. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayowatatiza wengi, kwa kuwa tumezoea kumsaka mbaguzi kabla ya kuutafuta ubaguzi.

Matamko ya kampuni kuhusu jambo hili yalishamiri Marekani baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, lakini hoja yenyewe ni ya zamani zaidi. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua shauri la Griggs dhidi ya Duke Power, kampuni ya umeme ya North Carolina iliyokuwa imewafungia wafanyakazi weusi katika idara ya vibarua, ambako aliyelipwa vizuri kuliko wote alipata pungufu ya aliyelipwa kidogo kuliko wote katika idara za wazungu. Sheria ilipokataza mgawanyo huo, kampuni ilifungua idara zote, ila kwa masharti ya cheti cha sekondari na majaribio ya uelewa. Wazungu walioajiriwa zamani bila cheti waliendelea kufanya kazi zao vizuri tu, jambo lililoonyesha kwamba cheti hakikuhusiana na kazi. Mahakama ikasema kwamba sharti linaloonekana sawa kwa wote, lakini linalowaengua weusi na halipimi uwezo wa kufanya kazi husika, ni haramu, na nia njema ya mwajiri haimwokoi.

Msomaji wa Dodoma hana haja ya kwenda mbali kuielewa hoja hiyo. Pale Kongwa, ulipoanzishwa mradi wa karanga wa Waingereza mwaka 1947, palikuwa na shule ya watoto wa Kizungu, na Tanganyika nzima ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Meneja aliyedai cheti cha juu miaka michache baadaye hakuhitaji kumchukia Mwafrika yeyote, kwa sababu shule zilikuwa zimekwisha kumfanyia kazi hiyo.

Tuseme leo kuna kampuni ya ujenzi yenye kambi nje kidogo ya jiji, upande wa Ihumwa. Wasimamizi wanatafutwa kwa kuulizana nani anamjua nani, nafasi hazibandikwi popote, na mhandisi aliyehitimu hapa nchini anasaini mkataba wa “msaidizi” huku akisoma michoro ileile na kusimamia zege lilelile na mwenzake kutoka nje, ambaye analipiwa nyumba na nauli. Ukimhoji meneja rasilimali watu, atakujibu kwa dhati kabisa kwamba hajawahi kumbagua mtu, na huenda ni kweli. Kinachobagua ni ule mtandao wa kufahamiana na lile jina la cheo. Semina ya siku moja na bango ukutani haviigusi tofauti hiyo ya malipo, na kwa maoni yangu kampuni isiyokubali kulinganisha mishahara ya watu wanaofanya kazi moja haijaahidi chochote.

Kwa Tanzania, suala hili halikuachwa mikononi mwa hisani ya mwajiri. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi, na kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja kwa misingi ya rangi, asili, utaifa, kabila au mahali mtu alikotoka, pamoja na misingi mingine (kwa hiyo anayesema tatizo la kwetu ni kabila na si rangi bado hajatoka ndani ya kifungu hichohicho). Hatua maalumu za kuwainua waliobaki nyuma, zikilenga usawa, hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Na mfanyakazi akishaonyesha dalili za awali za kubaguliwa, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo.