Mwamba Haupasuki Kimya: Dhana Potofu Kuhusu Sauti za Nyufa

Dhana: Jiwe hukaa kimya mpaka dakika linapovunjika.

Ukweli: Ukimya huo ni wa masikio yetu tu. Binadamu hasikii sauti inayozidi takriban kilohezi 20 (mitetemo elfu ishirini kwa sekunde), ilhali nyufa ndogo zinazofunguka ndani ya jiwe katika maabara hutoa mitetemo ambayo kwa kawaida hupimwa kati ya kilohezi 100 na megahezi 1 (mitetemo milioni moja kwa sekunde). Itale, mwamba mgumu wa punje za madini, inapobanwa kwenye mashine, nyufa hizo huanza kutokea baina ya punje za madini mapema sana, mara nyingi mzigo unapokaribia nusu ya ule utakaoivunja. Vihisi vya kauri, ambavyo hutoa umeme vinapotikiswa, hubandikwa juu ya jiwe ili kuinasa mitetemo hiyo.

Dhana: Wataalamu hupeleka sauti ndani ya mwamba na kusubiri mwangwi.

Ukweli: Kipimo cha namna hiyo kipo, lakini hapa mtoa sauti ni mwamba wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Leonard Obert wa Ofisi ya Madini ya Marekani alikuwa akipima kasi ya mawimbi katika nguzo za mwamba mgodini, akakuta vyombo vyake vinanasa kelele ambazo hakuzipeleka yeye. Kelele hizo, zilizoonekana kuwa kero kwa kazi yake, ndizo zilizogeuka kuwa jambo la kuchunguzwa.

Dhana: Yatosha kuzihesabu sauti, zikiwa chache, mwamba ni salama.

Ukweli: Nadhani hii ndiyo dhana yenye hatari kubwa kuliko zote. Mwaka 1950, mtafiti Joseph Kaiser wa Munich, Ujerumani, alieleza kwamba metali iliyowahi kubebeshwa mzigo, ikibebeshwa tena, hukaa karibu kimya mpaka mzigo wa awali upitwe, na baadaye tabia hiyo ilionekana katika miamba pia. Kwa hiyo jiwe lililokwisha kudhoofika laweza kunyamaza bila ya kuwa zima.

Linalofaa kuulizwa zaidi ni mahali sauti zinapotokea. Kwa kuwa wimbi hufikia kila kihisi kwa wakati wake, tofauti ndogo za wakati hutosha kukokotoa ufa ulipo. Mwaka 1991, mtafiti David Lockner na wenzake walichapisha jaribio la itale ambalo ndani yake wingi wa sauti zenyewe ulitumika kuiongoza mashine: sauti zilipoongezeka, mzigo ulipunguzwa, na uvunjikaji ambao kwa kawaida hutokea ghafla ukarefushwa kiasi cha kuweza kufuatiliwa. Mwanzoni sauti zilitawanyika katika jiwe zima, lakini baada ya jiwe kufikia kilele cha uwezo wake zilikusanyika mahali pamoja, kisha zikasonga mbele zikifuata ufa mkuu uliokuwa ukikata jiwe.

Dhana: Basi tetemeko la ardhi laweza kutabiriwa kwa njia hii.

Ukweli: Hapana. Katika maabara mzigo unajulikana na jiwe limezungukwa na vihisi pande zote, jambo lisilowezekana kwa ufa wa ardhi uliozama kilomita nyingi. Hata katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini yenye kina kirefu, ambako mitandao ya vihisi huonyesha sehemu ambazo mwamba unasumbuka na kusaidia kuamua wachimbaji waondolewe wapi, saa kamili ya mwamba kulipuka wenyewe kwa kuelemewa haijulikani.