Umeme ukizimwa, lifti haijafa

“Fundi yuko peke yake, lakini hakuna wasiwasi, ameshazima meni.” Maneno haya nayasikia kwa wenye majengo hapa Kisumu, kwa wasimamizi wao, na, kinachoniuma zaidi, kwa mafundi wenzangu wa lifti. Wiki hii nimeyasikia tena, na safari hii nayajibu kwa maandishi. Kuzima meni, yaani swichi kuu ya umeme, hakuiui lifti. Katika mji huu ambao stima hupotea mara kwa mara, kuzima swichi isiyo yenyewe kunaweza hata kuiamsha.

Lifti nyingi zimefungwa betri ya uokoaji ili stima ikipotea watu wasikwame ndani. Kifaa hicho husubiri sekunde chache, kikishaona umeme haupo hufungua breki, huipeleka kebini, chumba kinachobeba watu, polepole hadi ghorofa ya karibu, kisha hufungua milango. Hakiwezi kujua kama stima imekatwa na Kenya Power au na wewe. Ukishuka hadi kwenye bodi kubwa ya jengo ukazima laini ya lifti, kwa kifaa hicho stima imepotea, na zamu yake imefika. Swichi kuu ya lifti yenyewe, ile ya chumba cha mashine au ya kabati la kontrola (mitambo inayoiongoza lifti) kando ya mlango wa ghorofa ya juu, inapaswa kuwa na kontakti ndogo ya ziada inayokijulisha kifaa kwamba umeme umezimwa makusudi. Pale ambapo betri iliongezwa miaka mingi baada ya lifti kufungwa, kontakti hiyo huenda haikuunganishwa kabisa.

Hili hupimwa kabla mtu hajatia mguu kwenye shafti, njia ya wima ambamo lifti hupita. Hakikisha kebini haina abiria, ipeleke safari, na ikiwa kati ya ghorofa mbili zima swichi kuu ya lifti. Subiri dakika mbili nzima ukiwa nje. Ikisogea yenyewe, tenganisha betri kabla ya kazi na uandike kasoro hiyo kwenye daftari la lifti, kwa maandishi atakayoweza kuyasoma fundi mwingine. Kifaa kilichofungwa vizuri hakitaisogeza kebini ikiwa swichi ya stopu imebonyezwa, ni kweli, lakini usiweke maisha yako juu ya kazi ya mtu ambaye hukuiona akiifanya.

Jenereta nayo ina mtego wake. Swichi uliyozima ikiwa upande wa Kenya Power, kabla ya makutano ya stima na jenereta, mtambo utanguruma na lifti itapata umeme wewe ukiwa ndani. Swichi ya kutia kufuli ni ile iliyo baada ya makutano. Taa za kebini na za shafti zina laini yake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa hiyo volti 240 bado zipo baada ya swichi kuu kuzimwa. Lifti zikiwa mbili pamoja, waya za mawasiliano huleta umeme kutoka kontrola ya jirani.

Ndani ya invata, kifaa kinachorekebisha kasi ya mota, kuna kapasita zinazohifadhi umeme. Umeme wetu wa fezi tatu wa volti 415 ukishageuzwa kuwa wa mkondo wa moja kwa moja (DC) hukaribia volti 590, na hubaki humo baada ya taa zote za kontrola kuzimika. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko cha invata, kisha upime. Mita ijaribiwe kwanza mahali penye umeme unaoujua, upime kapasita, kisha uijaribu tena pale pale pa mwanzo. Mita iliyokufa pia husoma sifuri.

Sasa tuseme yote hayo umeyamaliza na hakuna umeme popote. Bado kuna uzito, na uzito hauna swichi. Chukua lifti ya kawaida ya kilo 630, ya watu 8. Uzito wa kusawazisha, ule unaoning’inia upande wa pili wa kamba, huwa sawa na kebini tupu pamoja na karibu nusu ya mzigo wake, maana yake kebini ikiwa tupu upande wa pili unaishinda kwa takriban kilo 300. Fundi mmoja juu ya paa la kebini habadilishi hesabu hiyo. Breki ikiachia, hatashuka. Atapandishwa kuelekea dari. Watu wamezoea kuogopa kuanguka, kwa hiyo macho na mikono yote iko chini, na hatari inatoka juu. Katika lifti nyingi za zamani gia ya usalama, ile inayobana reli kebini ikizidi kasi, hushika kebini ikishuka tu. Ikipanda kwa kasi, hakuna kinachoishika. Kwa lifti zinazoinuliwa kwa shinikizo la mafuta mambo ni kinyume, kwani kebini hushuka vali ikiachia au bomba likipasuka. Kabla hujagusa breki, jua nafasi yako ya kujikinga iko wapi na uione kwa macho. Kiwango cha Ulaya cha usalama wa lifti, EN 81-20 cha mwaka 2014, kinataka, kwa mtu aliyechuchumaa, nafasi ya sentimita 50 kwa 70 na kimo cha mita 1. Lifti ya kabla ya hapo huenda isiwe nayo.

Na breki haiguswi na mtu mmoja. Wala kamba, wala kazi ya kuning’iniza kebini, wala shimo la chini ya shafti likiwa na maji, na majengo ya karibu na ziwa yanayajua maji hayo. Kuunga waya wa mkato, unaoruka swichi za mzunguko wa usalama zinazoizuia lifti kwenda, ukiwa peke yako ni marufuku kabisa, kwa sababu ukisahau waya huo hakuna jicho la pili la kuuona.

Kuna pengo moja ambalo miongozo hulipita mbio. Husema zima, tia kufuli, fanya kazi. Lakini hitilafu ya kontakti ya mlango inayotokea mara moja kwa siku haipatikani lifti ikiwa imezimwa. Lazima iende, nawe uwe karibu nayo. Sina jibu safi la jambo hili. Ninachokishikilia ni kwamba uendeshaji wa ukaguzi, fundi akiiendesha lifti kwa vitufe vya juu ya kebini, ambao hauzidi mita 0.63 kwa sekunde, uwe ndio mwisho wa kasi, na kwamba siku ya kutafuta hitilafu ya namna hiyo ni siku ya mafundi wawili, hata mwenye jengo akilalamikia gharama.

Kuingia shimoni nitakueleza kwa ufupi. Ipandishe kebini juu, fungua mlango wa ghorofa ya chini kwa ufunguo wa pembetatu, acha upenyo mdogo, bonyeza kitufe cha kuita. Lifti isisogee. Fungua, nyoosha mkono ubonyeze stopu kutoka ukingoni, funga mlango, ita tena, subiri sekunde 10. Isisogee. Hapo umejaribu vitu viwili, kontakti ya mlango na stopu, kila kimoja peke yake, na hilo ndilo fundi mwenye haraka hulikata. Washa taa, shuka kwa ngazi. Kutoka ni kinyume chake: stopu huachiliwa ukiwa umeshatoka.

Kufuli liwe moja na ufunguo wake mmoja, mfukoni mwako. Kibandiko peke yake hakizuii kitu. Wapangaji wa ghorofa ya sita wakianza kupiga simu, mlinzi atarudisha swichi kwa nia njema kabisa, na nia njema haina breki.

Wengine hunijibu: nina simu. Ijaribu basi shimoni, kati ya kuta za zege na milango ya chuma, kabla ya kuitegemea. Hata mtandao ukiwepo, aliyezimia hapigi simu. Kinachookoa ni kimya chako kuwa na maana kwa mtu fulani. Kabla ya kuingia mwambie mtu huyo uko jengo gani, lifti gani, uko shimoni au juu ya kebini, na saa ya kutoka, isizidi dakika 30. Saa hiyo ikipita na dakika 5, akupigie mara mbili, kisha atume mtu bila kungoja ruhusa ya mkubwa. Udhaifu wake naukiri: baada ya wiki kadhaa za salama salama, anayepokea huzoea na kuanza kusema “huyo amesahau tu.” Kubadilisha mpokeaji kila mwezi husaidia kiasi.

Mkanda wa usalama pia hueleweka vibaya. Ukiwa peke yako, mkanda wa kukudaka baada ya kuanguka unakuacha unaning’inia, damu ikikaa miguuni, na hali hiyo inaweza kuua muda mfupi baadaye kama hakuna wa kukushusha. Tumia kamba fupi isiyokuruhusu kufika ukingoni, ili kusiwe na kuanguka.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka lifti ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 6. Cheti cha ukaguzi huo huning’inizwa ukutani kana kwamba kinamhusu fundi. Kinaihusu mashine.

Mlinzi wa jengo afundishwe mambo matatu tu: asiguse swichi, asifungue mlango wa shafti, apige namba iliyoandikwa. Wa usiku afundishwe pia, maana zamu ikibadilika saa kumi na mbili jioni wewe bado uko ndani na aliyekuona ukiingia ameshaondoka. Ufunguo wa pembetatu wa akiba usikae kwake. Ukae kwa fundi wa pili, naye awe Kisumu. Aliye Nairobi ana zaidi ya kilomita 300 za barabara mbele yake.