Hifadhi ya funguo si pochi, na nenosiri lake si ufunguo

Mtu anaandika `gaiad keys list`, amri ya kuorodhesha funguo katika programu ya mtandao wa Cosmos Hub, orodha inarudi tupu, basi kilio kinaanza: pochi imefutwa, sarafu zimekwenda. Sarafu hazijawahi kukaa kwenye kompyuta yake. Zimeandikwa kwenye daftari la mtandao, chini ya anwani yake. Kilichomo kwenye kompyuta ni ufunguo wa siri, namba kubwa ya kutilia saini miamala, na hifadhi ya funguo ni pale programu inapouweka ufunguo huo.

Tatizo ni kwamba programu zilizojengwa kwa Cosmos SDK, zana za kuundia mitandao ya blockchain, zina hifadhi kadhaa: `os`, `file`, `pass`, `kwallet`, `test`. Hazijuani. Ufunguo ulioundwa kwa `--keyring-backend test` hauonekani ukiuliza `file`, na kubadilisha mpangilio kwenye `client.toml` hakuhamishi chochote. Kunabadilisha tu mahali pa kutazama. `sudo` nayo ina vituko vyake: mara nyingi saraka ya nyumbani inageuka kuwa ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, na programu inatafuta mahali ambapo hujawahi kuweka kitu. Umebisha hodi nyumba ya jirani, halafu unalalamika kwamba wenyeji wamehama.

Kwenye Linux `os` ndiyo inayosumbua zaidi. Hutegemea huduma ya siri ya mazingira ya dawati, kama GNOME Keyring, na mazungumzo hupita kwenye D-Bus, njia ya programu za Linux kuwasiliana. Ukiingia kwenye seva kwa mbali, kwa SSH, hakuna dawati, na kwa kawaida huduma hiyo haijawashwa, ndiyo maana unaona hitilafu inayotaja `org.freedesktop.secrets`. Hapo tumia `file`, au `pass` ambayo husimama juu ya GPG, programu ya kusimba data. Ukichagua `pass` na ikashindwa kukuuliza nenosiri, jaribu kwanza `export GPG_TTY=$(tty)`. `test` iache kwenye majaribio, kwa sababu haiulizi nenosiri lolote: anayeweza kusoma faili zako anaweza kutumia funguo zako.

Sasa hili la nenosiri, ambalo ndilo hasa linaloniudhi. Nenosiri la `file` hufungua faili zilizo kwenye diski hiyo, basi. Mtandao haulijui, na hakuna wa kukubadilishia. Ukilikosea mara tatu programu inajitoa, lakini akaunti haijafungwa; endesha amri upya. Ukilisahau kabisa, njia ni maneno 12 au 24 ya kurejesha ufunguo uliyoandika siku ya kwanza: hamisha pembeni saraka ya zamani ya `keyring-file`, la sivyo programu itaendelea kudai nenosiri la zamani, kisha endesha `keys add jina --recover`, na hapo utachagua nenosiri jipya kabisa, kwa sababu la zamani halikuwa sehemu ya ufunguo. Anwani ikitoka tofauti na uliyoizoea, usidhani maneno yameharibika. Angalia namba ya aina ya sarafu kwenye njia ya kuzalisha ufunguo: Cosmos hutumia 118, na maneno yaleyale kwa namba nyingine hutoa anwani nyingine.

Kwa hiyo ndugu, unapoomba msaada, badala ya “pochi yangu imepotea” sema “ufunguo hauonekani kwenye hifadhi hii”, kisha taja hifadhi, saraka, na mtumiaji aliyeendesha amri. Maneno yako 24 hayahitajiki kwenye swali hilo, hata akiyaomba mtu mpole kiasi gani.