Żelazowa Wola: Nyumba Iliyobaki Si Jumba la Mwinyi

Kila yanapofanyika Mashindano ya Piano ya Chopin jijini Warsaw, ambayo hurudi baada ya miaka 5, maswali kuhusu kijiji cha Żelazowa Wola, alikozaliwa mtunzi wa muziki Fryderyk Chopin, huongezeka, na makosa ni yaleyale. Nyumba nyeupe inayopigwa picha karibu na mto Utrata si jumba la mwinyi. Jumba lenyewe la ukoo wa Skarbek liliungua. Kilichobaki ni nyumba ya pembeni, alimoishi mwalimu wa watoto wa jumba hilo, Mfaransa Mikołaj Chopin, pamoja na mkewe Justyna. Walifunga ndoa mwaka 1806 katika kanisa la Brochów, na Fryderyk akazaliwa mwaka 1810. Vuli ya mwaka huohuo familia ilihamia Warsaw. Wanaosimulia kwamba mtoto alijifunzia piano kijijini watuwie radhi, kwani alikuwa bado hajatimiza mwaka.

Daftari la ubatizo la Brochów, lililoandikwa tarehe 23 Aprili 1810, linasema alizaliwa tarehe 22 Februari, ilhali familia iliadhimisha tarehe 1 Machi. Tunazitaja zote mbili, wala hatuna mamlaka ya kufuta mojawapo.

Sura ya sasa ya nyumba na bustani yake ni kazi ya miaka ya 1930, na fanicha zilizomo si za akina Chopin. Hilo haliipunguzii nyumba ulinzi wa sheria, kama baadhi ya watu wanavyodhani.

Chini ya sheria ya Poland ya tarehe 23 Julai 2003, anayeharibu mali ya kale kwa makusudi hufungwa miezi 6 hadi miaka 8, na anayefanya ukarabati wa jengo lililosajiliwa bila kibali hutozwa zloti 500 hadi 500,000. Mtu akichimba msingi akakuta kitu kinachoonekana kuwa cha kale, anatakiwa kusimamisha kazi, kukilinda kitu hicho pamoja na mahali kilipopatikana, kisha kumwarifu mhifadhi wa mali za kale wa mkoa au, asipoweza kumfikia, mkuu wa serikali ya eneo, ambaye ana siku zisizozidi 3 za kuifikisha taarifa kwa mhifadhi. Mhifadhi naye ana siku 5 za kwenda kukagua. Kitu hicho hakioshwi kwanza, wala hakipelekwi nyumbani “kwa usalama”.