Akili mnemba dukani: lete kwanza daftari

Mfanyabiashara wa Kariakoo akituuliza sisi wakufunzi akili mnemba (AI) itamfaa nini, mara nyingi anategemea kusikia habari za mitambo ya gharama. Tunamwambia alete daftari. Lile lile la kaunta, lenye "wa Mbagala doti 6, kalipa nusu" na mistari iliyofutwa kwa kalamu nyekundu.

Programu kama ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, au Gemini ya Google, husoma picha ya ukurasa uliopigwa kwa simu na kuupanga kwenye jedwali: tarehe, bidhaa, idadi, kilicholipwa, kinachodaiwa. Inakosea, tena mahali pabaya. Moja iliyoandikwa haraka inageuka saba. "30" ambayo wewe unajua ni elfu thelathini inabaki thelathini. Kwa hiyo jumlisha ukurasa mmoja kwa kikokotoo chako, ulinganishe, ndipo uendelee. Jedwali likikaa sawa, uliza maswali ya pesa: mzigo gani umekaa miezi miwili haujaguswa? Nani anadaiwa na bado anaendelea kukopa?

Kwenye kukisia mauzo yajayo ndiko watu wanakopotea zaidi. Chukua muuza kanzu na mabaibui. Mwaka 2024 Idi el Fitri iliangukia Aprili; mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo msimu wake wa mauzo unarudi nyuma kila mwaka. Ukiipa programu mauzo ya kila mwezi bila maelezo, inaweza kukushauri uagize mzigo wa Aprili wakati wateja wameshavaa na kusahau. Iandikie hivi: "Haya ni mauzo yangu ya miaka miwili. Pangilia kwa wiki kabla ya Idi, siyo kwa miezi. Nieleze umefikaje kwenye kila namba." Muuza sare na madaftari hana shida hiyo, Januari yake haihami. Na mwenye kumbukumbu za miezi mitatu tu asidanganyike na michoro ya kupendeza. Hapo hakuna cha kukisia.

Kwa anayeagiza Guangzhou, kazi nzuri ni tafsiri. Andika oda kwa Kiswahili, itafsiriwe Kichina, kisha fungua mazungumzo mapya uitafsirishe irudi Kiswahili. Kama pisi 500 za rangi mbili zimerudi kuwa pisi 500 kwa kila rangi, umelikamata kosa kabla kontena halijafungwa.

Kodi ni habari nyingine. Programu hizi zimejengwa kukisia maneno yanayoelekea kufuatana, ndiyo maana hutamka uongo kwa sauti ile ile ya ukweli. Ukiuliza kiwango cha VAT kwa Kiswahili bila kutaja nchi, unaweza kupewa asilimia 16 ya Kenya, wakati kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni 18. Hesabu za TRA mpelekee mhasibu wako.

Kuna pia taarifa za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi, na picha unayoipandisha kwenye programu hizi kwa kawaida inakwenda kwenye kompyuta zilizo nje. Ziba majina na namba za simu kabla ya kupiga picha. Kipande cha karatasi kinatosha. Nakala ya kitambulisho cha NIDA isipandishwe kabisa.

Mwisho, majibu ya WhatsApp. Kuiachia programu imjibu mteja yenyewe saa tano usiku kunavutia, hasa kwa duka linalopokea "bei?" mia kwa siku. Kampuni ya ndege ya Air Canada iliweka kijibu maswali kwenye tovuti yake, kikamweleza abiria vibaya kuhusu nauli ya msiba, yaani nauli nafuu kwa aliyefiwa. Februari 2024 baraza moja la usuluhishi huko Kanada liliiamuru kampuni imlipe, likakataa hoja kwamba kijibu hicho kinajitegemea na kubeba chenyewe lawama ya maneno yake. Kwa duka la watu wawili, bora programu iandike rasimu na wewe ubonyeze kutuma. Bei, punguzo na tarehe ya mzigo kufika uziandike kwa mkono wako.