Kanda za video zilizovunja ukiritimba wa RAI

Ninapofundisha habari za utangazaji wa Italia, ninaanza na kanda za video, kwa sababu ndani yake ndimo mlimo kisa chote.

RAI, shirika la umma, lilizindua televisheni Januari 3, 1954, likashika ukiritimba kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1976 Mahakama ya Katiba iliwafungulia mlango watu binafsi, ila kwa sharti: kila kituo kirushe matangazo katika eneo lake tu. Kuunganisha mitambo nchi nzima kulibaki haki ya RAI.

Silvio Berlusconi, mjenzi wa majumba wa Milano, aliuona mwanya. Canale 5, iliyoanza 1980, ilirekodi vipindi pamoja na matangazo ya biashara, kisha kanda zikasafirishwa hadi vituo vya mikoani, navyo vikazicheza saa ileile. Mitambo haikuunganishwa, lakini Sicilia na Milano zilitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mwenye kiwanda cha sabuni akawafikia wateja wa nchi nzima. Kilichokosekana ni taarifa ya habari ya moja kwa moja, maana habari haingojei kanda ifike.

Alinunua vituo vingine viwili: Italia 1 mwaka 1982, na Rete 4 mwaka 1984. Oktoba mwaka huohuo mahakimu wa Roma, Torino na Pescara wakaamuru urushaji huo wa kanda nchi nzima ukomeshwe. Siku chache tu baadaye waziri mkuu Bettino Craxi, rafiki wa karibu wa Berlusconi, alitoa amri ya serikali ya kuurudisha. Bunge likaikataa, akatoa nyingine. Sheria kamili ilikuja 1990, ikabariki hali iliyokwisha kuota mizizi. Hilo linaniudhi mpaka leo: sheria ilipaswa kutangulia.

Magazeti nayo yana wenyewe. La Stampa la Torino lilikuwa la familia ya Agnelli, wenye Fiat; Il Sole 24 Ore ni la Confindustria, chama cha wenye viwanda. Kwa hiyo kabla ya kusoma tahariri, nawahimiza wanafunzi watafute kwanza mwenye gazeti anauza nini kingine.

Mwandishi wa habari Indro Montanelli alilijua hilo. Il Giornale, gazeti aliloliasisi 1974, lilikuwa limeingia mikononi mwa ukoo wa Berlusconi. Januari 1994, tajiri huyo alipojitosa kwenye siasa, Montanelli alikataa kumpigia debe, akaondoka akiwa na miaka 84. Akaanzisha gazeti jingine, La Voce. Lilidumu mwaka mmoja na ushei.