Leza haiachi ngozi ikiwa nyembamba

Wengi huamini kwamba leza ya kulainisha uso hukwangua ngozi kama msasa, na kila unaporudi inabaki nyembamba zaidi. Nusu ya kwanza ina ukweli: tabaka la juu huondolewa kweli. Kosa ni kudhani kwamba kazi inaishia hapo.

Leza ya kaboni dioksidi hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanometa 10,600, ambao hufyonzwa na maji. Kwa kuwa seli zimejaa maji, zile za juu hugeuka mvuke papo hapo. Joto linalopenya chini ndilo lenye maana hasa: hukaza nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na kuuchokoza mwili utengeneze nyingine mpya, kazi inayoendelea kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo tabaka la ndani huneneka badala ya kupungua. Ndiyo maana kuhukumu matokeo kwa wekundu wa wiki ya kwanza ni haraka mno.

Tangu 2004 kuna pia mbinu ya kuchoma nukta ndogo ndogo tu za ngozi, huku sehemu zisizoguswa zilizobaki katikati zikisaidia kidonda kufunga upesi.

Hofu ningeiweka kwingine, kwenye rangi. Ngozi nyeusi hubaki na madoa kwa urahisi baada ya kuungua, na mtaalamu asiyepunguza nguvu ya mashine, au mteja asiyejikinga na jua, huweza kuondoka na tatizo baya kuliko makovu aliyokuja nayo.